Views milioni moja ni shilingi ngapi?

Wimbo ukiachiwa saa sita usiku, kabla ya chai ya asubuhi watu wameshagombana. Mmoja kaposti picha ya skrini kwamba views zimefika milioni. Wa pili kajibu kuwa hizo ni za kununua. Wa tatu kashika kikokotoo: dola kadhaa kwa kila views elfu, zidisha kwa bei ya dola ya leo, basi msanii keshaamka tajiri. Wiki mbili mbele msanii huyohuyo yuko redioni analia kwamba muziki haumlipi, na walewale wa kikokotoo wanamwita mwongo.

Mara nyingi hadanganyi. Shida ni kwamba ile namba moja iliyo chini ya video tunaitaka itujibu maswali matatu kwa mpigo: wimbo umependwa na watu wangapi, msanii kaingiza kiasi gani, na nani mkali kuliko mwenzake. Namba yenyewe haikuundwa kujibu hata moja kati ya hayo.

View ni nini hasa

Kwenye YouTube, view moja ni mara moja ambayo video imechezwa na mfumo ukaridhika kwamba aliyeicheza ni mtu, tena kwa kukusudia. Inahesabu mara, haihesabu watu. Dada anayepiga pasi huku karudia wimbo mmoja jioni nzima anaweza kuacha views kumi peke yake. Magazeti yetu yakiandika "watazamaji milioni moja", msomaji anawaona watu milioni moja, wakati wenyewe wanaweza kuwa laki tatu tu wenye mapenzi mazito.

Hesabu hiyo pia hukaguliwa. Mfumo ukishuku kuwa kuna programu iliyokuwa ikibofya badala ya binadamu, views hizo huondolewa hata kama zilishaonekana. Ndiyo maana namba huweza kurudi nyuma, na mashabiki wakaanza kulalamika kwamba msanii wao kahujumiwa.

Hata waliotengeneza mtandao huo hawakutegemea namba zingefika zilipofika. "Gangnam Style" ya Psy wa Korea Kusini ilikuwa video ya kwanza kufika views bilioni moja, Desemba 2012. Miaka miwili baadaye YouTube walieleza kuwa kaunta yao ilijengwa kuishia 2,147,483,647, kwa hiyo ilibidi waipanue. Huku kwetu, mwaka 2020 Diamond Platnumz alitangazwa kuwa msanii wa kwanza kusini mwa Sahara ambaye video za chaneli yake kwa jumla zimevuka bilioni moja. Tangu hapo, milioni moja haishtui tena mtu Sinza wala Eastleigh.

Kila mtandao una kipimo chake. Spotify, mtandao wa kusikiliza muziki, huhesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30. Video fupi za YouTube, zile Shorts, tangu tarehe 31 Machi 2025 huhesabiwa pale tu zinapoanza kucheza, hata kidole kikizipitisha papo hapo, ingawa malipo yake bado yanafuata wale waliokaa wakatazama. TikTok nayo huhesabu video ikianza kucheza. Kwa hiyo anayejigamba ana views milioni tano bila kusema ni za wapi kasema nusu ya habari.

Hela inatoka kwenye tangazo

Watu wengi wanaamini YouTube wana mfuko fulani, na kila ukitazamwa wanachomoa senti. Hakuna mfuko huo. Benki, kampuni ya sabuni au ya kubeti inawalipa Google, wenye YouTube, ili tangazo lake lionekane. Likionekana kwenye video yako ndefu, YouTube wanabaki na asilimia 45 na wewe unapata 55. Huo ndio mgawo wa chaneli za kawaida. Lebo kubwa zina mikataba yao. Na kabla ya kuingia kwenye mgawo wenyewe, chaneli inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au views milioni 10 za Shorts ndani ya siku 90. Ukishakubaliwa, hela hazitumwi mpaka zifike dola 100.

Ichukulie kama daladala iliyojaa saa moja asubuhi. Views ni vichwa vilivyopanda. Humo ndani kuna wanafunzi wanaolipa nauli ya mwanafunzi, kuna askari asiyetoa kitu, na kuna aliyeshuka kituo cha pili. Ukihesabu vichwa utajua gari limejaa, lakini hutajua dereva anarudi nyumbani na ngapi, maana kuna mafuta, kuna konda, kuna mpiga debe, halafu kuna hesabu ya tajiri inayotakiwa itimie hata siku ya mvua.

Hao abiria wa nusu nauli ndio wengi wetu. Kila nafasi ya tangazo inapigwa mnada ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kampuni zinashindana bei kwa kuangalia anayetazama yuko wapi na anaweza kununua nini. Mtu akiwa Oslo au Minneapolis, kampuni nyingi zinamgombea kwa sababu ana kadi ya benki na ananunua vitu mtandaoni. Akiwa Kahama na bando la siku, wanaomgombea ni wachache na bei inakuwa ya chini. Wakati mwingine hakuna anayemgombea kabisa, video inacheza bila tangazo lolote, na view hiyo haina hata shilingi. Mwezi nao una neno lake: Desemba kampuni zinamwaga pesa, Januari zinafunga mkanda.

Kwa hiyo nyimbo mbili zenye views sawasawa zinaweza kupishana mapato mara kadhaa. Mimi naamini hiyo ni sababu mojawapo, ingawa si pekee, ya kolabo za kuvuka mipaka kushamiri hivi. "Yope Remix" ya mwaka 2019, ambayo Diamond alishirikiana na Innoss'B wa Kongo, ilivuka views milioni 100, na hadhira ya muziki wa Kongo haiishii Goma na Kinshasa. Ipo Paris na ipo Brussels, kule ambako mnada wa tangazo una watu. Msanii wa taarabu au Bongo Fleva anayependwa na Waswahili wa Muscat naye ana hadhira ndogo yenye bei.

Kodi nayo inakula humohumo. Tangu katikati ya 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, na kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi na Marekani, Tanzania na Kenya zikiwemo, makato yanaweza kufika asilimia 30. Asiyejaza fomu ya kodi anaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yake yote, hata yale ya watazamaji wa Tandika. Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliongeza makato ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali. Hivi vitu havionekani kwenye picha ya skrini.

Sasa tupige hesabu moja mpaka mwisho. Asilimia za hapa, ukiacha ile ya YouTube, nimezitunga ili njia ionekane. Kila mkataba una zake. Tuseme matangazo kwenye video yameingiza dola 1,000. YouTube anachukua 450, zinabaki 550. Msambazaji wa kidijitali, yule anayepandisha nyimbo kwenye mitandao yote na kukusanya mapato, anakata asilimia 20, yaani 110. Zinabaki 440. Mkataba na lebo ni 60 kwa 40, lebo ikichukua kubwa: 264 kwao, 176 kwa msanii. Meneja naye ana asilimia 20 yake, takriban 35. Msanii anashika kama dola 140. Na hapo lebo bado haijasema kwamba kwanza inarudisha gharama za kushuti video, ambazo kwenye mikataba mingi hutolewa upande wa msanii. Ikisema hivyo, mwezi huo anashika sifuri, na yule wa kikokotoo bado anaandika kwamba msanii ana dola elfu.

Kuna mlango mwingine wa hela ambao wengi hawaujui. Tangu 2007 YouTube ina mfumo unaolinganisha kila video mpya na maktaba ya nyimbo zilizosajiliwa na wenye haki. Ukipandisha video ya harusi ya dada yako yenye wimbo wa mtu chini yake, mfumo unautambua, na mwenye wimbo anaweza kuamua video izuiwe, iachwe, au matangazo yake yamlipe yeye. Wimbo unaochezwa kwenye video elfu za mashabiki unaweza kumwingizia mwenyewe kuliko video rasmi. Lakini mlango huo unafunguka pande zote mbili. Mwaka 2019 video ya "Uno" ya Harmonize iliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kulalamika kwamba kazi yake imetumika humo. Video ikiondolewa, kaunta inasimama na tangazo linasimama nayo, hata kama mtaani wimbo uko juu.

Za kununua na za kulipia

Hapa ndipo watu wanapogombana zaidi, na kisa ni kwamba wanazungumzia mambo mawili tofauti kwa jina moja.

La kwanza ni views za bandia. Unamlipa mtu, anawasha programu zinazojifanya watu, namba inapanda. YouTube wanakataza, wakigundua wanazifuta, na chaneli inaweza kufungwa. La pili ni kulipia tangazo. Msanii au lebo inaingia kwenye huduma ya matangazo ya Google kwa njia ya halali kabisa, inalipa, na video ya wimbo inawekwa kama tangazo mbele ya video nyingine. Ulikuwa unasubiri magoli ya Simba na Yanga, ukaletewa wimbo. Usipouruka kwa sekunde 30, au ukiubofya, umehesabiwa. Wewe ni mtu halisi na simu yako ni halisi, ila hukuutafuta huo wimbo.

Ugomvi huu haukuanzia Dar es Salaam. Julai 2019 rapa wa India, Badshah, aliachia "Paagal" na kudai views milioni 75 ndani ya saa 24, zaidi ya rekodi iliyokuwa inashikiliwa na BTS wa Korea Kusini. Ikajulikana kuwa sehemu ya views hizo zilitokana na matangazo ya kulipia, na mwenyewe hakukataa. YouTube hawakuitangaza kuwa rekodi. Septemba mwaka huo wakabadilisha utaratibu: chati zao za muziki na rekodi za saa 24 zikaacha kuhesabu views za tangazo la kulipia. Kaunta iliyo chini ya video, ile ambayo sisi tunaipiga picha ya skrini, haikuguswa. Inaendelea kuchanganya zote.

Kwa hiyo shabiki anayesema "kanunua" na msanii anayeapa kwamba hajatumia views za bandia wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Na jambo linalosahaulika ni upande wa hela: view iliyokuja kwa tangazo la kulipia haimletei msanii mgawo wa matangazo, kwa sababu yeye ndiye mtangazaji. Kwenye milioni yake ya kwanza inawezekana akaunti ya benki imepungua.

Unazijuaje? Hakuna ushahidi wa kuapia mahakamani, lakini dalili zipo. Views nyingi sana na maoni machache. Namba inayokimbia siku nne halafu inasimama ghafla, kama vile wimbo umekufa. Hakuna mtu anayeucheza TikTok, hakuna mtoto anayeuimba mtaani. Wimbo uliopendwa kweli hushuka polepole, na una tabia ya kupanda tena mwishoni mwa wiki.

Na trendi? "Namba moja kwenye trendi" ilikuwa medali ya miaka karibu kumi, tangu YouTube walipoanzisha orodha hiyo mwaka 2015. Haikuwahi kuwa orodha ya video zilizotazamwa zaidi. Ilipima pia kasi ya kupanda, umri wa video na mahali views zilipotoka, na kila nchi ilikuwa na yake. Wimbo wa laki mbili uliweza kuukalia wa milioni mbili bila hila yoyote. Julai 2025 YouTube walitangaza kuiondoa na kubaki na chati za makundi, kwa hoja kwamba siku hizi hakuna tena kitu kimoja kinachotrendi kwa wote. Wana hoja. Ukurasa wako wa mwanzo umepangwa kwa ajili yako peke yako, kwa kufuata ulichotazama jana. Unaposema wimbo fulani "umejaa kila mahali", huenda umejaa kwenye simu yako tu, na jirani yako hajawahi kuusikia.

Kule kwa kusikiliza

Kwenye Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika Februari 2021, hesabu ni nyingine kabisa. Hakuna bei ya kila wimbo uliochezwa. Mapato ya wanaolipia na ya matangazo yanakusanywa, takriban theluthi mbili zinakwenda kwa wenye haki, na kila mmoja anachukua kulingana na sehemu yake ya usikilizaji wote. Ukisikilizwa mara nyingi mwezi ambao mwenzako kasikilizwa mara nyingi zaidi, sehemu yako inapungua ingawa mashabiki wako hawajapungua. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haupati kitu.

Kwa mpangilio huo, usikilizaji wa bandia ni wizi wa moja kwa moja kwa wasanii wengine, kwa kuwa chungu ni kimoja. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki mtu mmoja wa North Carolina kwamba alitumia akili bandia kutengeneza nyimbo chungu nzima na programu za kuzisikiliza, akajipatia zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha.

Boomplay, programu nyingine ya kusikiliza muziki, ilizaliwa mwaka 2015 ndani ya kampuni inayotengeneza simu za TECNO, na ilifika mikononi mwa watu kwa kuwekwa tayari ndani ya simu. Sitaikalia sana, ila ni mfano mzuri wa jinsi kiwanda cha simu kilivyoamua watu watasikiliza muziki wapi.

Basi kwa nini wote wanazikimbilia?

Kama view ya Kahama haina bei na ya tangazo inamkata mwenyewe, mtu mwenye akili zake angeacha. Haachi, kwa sababu hela yenyewe iko mlango wa pili.

Yule mtazamaji wa Kahama ambaye mnada wa Google ulimdharau ndiye hasa anayetafutwa na kampuni ya sabuni, ya soda, ya mtandao wa simu na ya unga wa ngano inayouza hapahapa. Kampuni hizo hazina shida na mtu wa Oslo. Hatanunua pakiti ya sabuni ya kufulia dukani kwa Mangi. Kwa hiyo msanii hamuuzi mtazamaji wake kwa Google kwa senti; anamuuza kwa kampuni kwa mkataba wa ubalozi, au kwa promota wa shoo ya Mwanza anayetaka kujua kama uwanja utajaa. Namba iliyo chini ya video ndiyo barua yake ya maombi ya kazi. Ukilitazama hivyo, kulipia tangazo ili ufike milioni haraka si ujinga wala majivuno matupu. Ni gharama ya kutafuta kazi.

Wajanja waliona mbali zaidi. Diamond alipewa ubalozi wa Pepsi, lakini miaka kabla ya hapo, mwaka 2017, alikuwa ameshaingiza sokoni manukato ya Chibu na karanga za Diamond Karanga, zile za pakiti ndogo za kununua ukiwa kwenye foleni ya magari. Halafu zikaja Wasafi TV na Wasafi FM. Yaani mtazamaji yuleyule alianza kuuziwa bidhaa ya msanii mwenyewe, kupitia chombo cha habari cha msanii mwenyewe, na kampuni nyingine zikalipa ili zitangaze humo. Zamani msanii alikuwa anamwendea mtangazaji wa redio na CD mkononi, na kila mtu mjini alijua kwamba CD peke yake haitoshi. Sasa redio zenyewe zinafungua YouTube asubuhi kuangalia nini kipigwe.

Kampuni nazo zimeanza kushtuka. Maofisa masoko waliokwisha kuungua wanaomba ripoti ya ndani ya chaneli, ile anayoiona mwenye chaneli peke yake: watazamaji wako nchi gani, wana umri gani, wanakaa dakika ngapi, wametokea wapi. Views milioni tatu ambazo nusu yake zimetoka nchi ambayo haina hata mtu mmoja anayeelewa Kiswahili ni swali ambalo msanii anatakiwa awe na jibu lake. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanahudhuria shoo kimyakimya wasikilize kama watu wanaimba beti ya pili. Kiitikio kila mtu anakijua.

Na muziki wenyewe umejipinda kufuata kipimo. Kama sekunde 30 za mwanzo ndizo zinazohesabiwa, utangulizi wa kinanda wa dakika nzima ni anasa, na kiitikio kinawekwa mlangoni. Nyimbo zimekuwa fupi, kwa sababu wimbo wa dakika mbili na nusu unarudiwa mara nyingi kuliko wa dakika tano. Prodyuza anatafuta sehemu ya sekunde 15 ambayo watu wataichezea TikTok, wakati mwingine kabla mashairi hayajaandikwa. Hilo wanalolitafuta lilionekana wazi mwaka 2020, pale "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini ilipozunguka dunia baada ya kundi la Angola, Fenómenos do Semba, kujirekodi wakiicheza huku sahani za chakula ziko mikononi. Msukumo ule uliwashwa na watu waliokuwa wanakula na kucheza, nje kabisa ya lebo. Tangu hapo kila lebo inajaribu kuupanga msukumo wa aina hiyo ofisini, na mara nyingi unaona kabisa kwamba umepangwa.

Kuna usikilizaji mwingine ambao kipimo hiki hakiujui. Pita stendi yoyote, utamkuta kijana na kompyuta mpakato kwenye kimeza, waya umechomekwa kwenye flash ya bodaboda. Anaingiza nyimbo mia kwa bei ya soda, na hizo nyimbo zitapigwa kwenye bajaji mwaka mzima bila kuacha view hata moja. Singeli, muziki wa kasi wa uswahilini, ilikua hivyo, kutoka studio za Mburahati na Manzese kwenda kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku kucha za mtaani, miaka mingi kabla mitandao haijaitambua. Ukitafuta kwenye chati za kipindi kile, hutaukuta muziki uliokuwa ukipigwa kwa sauti kubwa kuliko wote usiku wa Jumamosi Dar es Salaam. Ofisi ya Hakimiliki ya Tanzania, COSOTA, ndiyo yenye kazi ya kuhakikisha wimbo ukipigwa redioni au baa mwenyewe analipwa mirabaha. Kwa mwenye kimeza cha stendi sijui itamwanzia wapi.

Linabaki swali la mkataba, ambalo kwenye mabishano ya mitandaoni halitajwi kabisa: chaneli ni ya nani? Video haiachi kuingiza siku wimbo unapochuja. Inaendelea kudondosha kidogokidogo kwa miaka, na mgawo unakwenda kwa aliyesajiliwa kuwa mwenye haki. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili atoke na haki zake. Kwa anayedhani views ni za kujisifia tu, bei hiyo ni ya ajabu. Kwa aliyesaini akiwa na miaka 20, bila mwanasheria, akiwa na hamu ya kushuti video ya kwanza, nyimbo zake za zamani zinaendelea kutazamwa leo hii, na hela zake zinaingia kwenye akaunti ambayo yeye hana neno la siri.